Eda ya Mjomba

Nilimuua mume wa mjomba wangu Jumatatu moja, saa nne na nusu asubuhi, katika chumba cha kungojea cha wanawake, kwenye kliniki moja ya Nizwa. Mume mwenyewe hakuwahi kuwepo. Mjomba naye hajaolewa wala hajaoa, na lau angelijua alfajiri ile kwamba nitamfanya mjane mbele ya wanawake kumi na moja, angelinishusha garini njiani, pale Samad, nirudi Ibra kwa miguu.

Kwanza nimtambulishe, msije mkanidhania mwehu. Walimu wangu wananidhania tayari, wanatosha.

Mjomba ni mtoto wa bibi, mdogo wake mama yangu. Alizaliwa msichana. Picha zake za utotoni zimo sandukuni kwa bibi: gauni la Idi, utepe kichwani, uso umekunjamana kama aliyelishwa shubiri. Alipomaliza shule alikwenda ng'ambo kusoma, akakaa miaka tisa, na huko ndiko alikoanza sindano za homoni, akafanyiwa operesheni ya kuondoa matiti, akaota ndevu. Bibi alipovunjika nyonga, alirudi kumuuguza. Akateremka na kanzu, kofia, na sauti nzito ya kuadhinia. Namna alivyopita uwanja wa ndege hajaniambia na mimi sijauliza, na mimi kutouliza jambo si kawaida.

Bibi aliwaambia majirani neno moja tu: "Huyu mtoto wa marehemu dada yangu. Katoka Bujumbura."

Hakuna aliyeuliza la pili. Kwa watu wetu, wale ambao babu zao walirudi kutoka Afrika, ndugu wa Bujumbura hawaishi. Kila mwaka anazuka mmoja, ana sanduku moja na lafudhi yake, na mwisho wa mwezi keshapata kazi na keshaanza kulalamikia joto. Ukitaka kumficha mtu Ibra, usimfungie chumbani. Sema ni ndugu wa Bujumbura. Na binti wa bibi je? "Yuko ng'ambo, anasoma." Amesoma mpaka majirani wanaamini chuo chenyewe amekijenga yeye.

Basi mtaani alikuwa binamu wa mama, kwangu mjomba, na mambo yalikuwa shwari. Ila kadi yake ya kitambulisho ilikuwa na jina lile la zamani, jina la kike, na picha ya msichana aliyenuna.

Mimi na yeye tulikuwa na salamu yetu. Nikirudi shule nampiga ngumi ya kifua, naye anajifanya kuanguka na kufa. Wazazi wangu wanafanya kazi Maskati na huja wikiendi tu, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: bibi, yeye na mimi. Siku moja nikampiga kama kawaida. Hakuanguka. Alijikunja, akashika ukuta.

"Umevaa bomu?" nikamuuliza.

"Usinifanyie utani leo."

"Mjomba?"

Akatazama kama bibi yuko karibu. Bibi alikuwa jikoni akigombana na redio. "Pana kitu," akasema. "Hapa chini ya kovu. Kama kokwa ya tende."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili. Kinakua."

"Si walikata vyote?"

"Hawakati vyote. Wanaacha kidogo ili kifua kikae sura ya kifua. Na hicho kidogo kinaweza kuugua kama kikubwa." Akajaribu kucheka. "Dada yake bibi aliondoka kwa maradhi haya haya."

Dada huyo wa bibi, aliyefia Bujumbura, ndiye yule yule tuliyewaambia majirani kwamba ni mama yake mzazi. Tulimpa mama wa uongo, na mama wa uongo akamrithisha maradhi ya kweli. Nilitafuta kichekesho humo, kwa sababu kwa kawaida huwa kimo. Hakikuwemo.

Nikamwambia aende kwa daktari. Akaniangalia nilivyozoea kuangaliwa na mwalimu wa hisabati. Kule alikokuwa, akasema, siku alipoandikishwa mwanamume ndiyo siku barua za kumwita kupimwa saratani zilipokoma. Daftari la wanaume haliiti mtu kwenda kupimwa kizazi wala kifua, hata kama anavyo. Miaka saba hakuna aliyemwita, naye hakujipeleka. Na huku daftari linamwita mwanamke vizuri kabisa, ila mlango wa kliniki umeandikwa WANAWAKE TU na yeye ana ndevu. Akitoa kadi, atakayemuuliza maswali hatakuwa daktari. Atakuwa polisi.

"Kwa hiyo unangoja nini? Kitoke chenyewe?"

Akainuka, akaenda kumpunguzia bibi redio.

Hapo ndipo wazo likanijia, na mawazo yangu yana sifa mbaya katika wilaya nzima. Nikapiga simu kliniki ya Nizwa, mbali na watu wanaotujua, nikaweka miadi kwa sauti yangu mwenyewe na jina lake la kadi. Yule wa mapokezi akaniita "dada" na akanitakia afya njema. Nikamletea mjomba habari: Jumatatu, saa nne. Atavaa baibui la mama na nikabu. Mimi nitakuwa mdomo wake.

"Sivai," akasema.

"Saa mbili tu."

"Wewe hujui. Nguo ile nilipoivua niliapa."

"Basi apa tena ukishapona."

Jumatatu alfajiri nikamkuta bafuni, mlango wazi. Alikuwa amenyoa. Zile ndevu alizozingoja miaka, alizokuwa akizipaka mafuta kama mtu anayelea mche wa mtende, zilikuwa kwenye sinki. Kidevu chake kilikuwa cheupe na kidogo. Bibi alikuwa ameketi barazani kwenye kiti chake. Alimwangalia yule mwanawe akipita na kidevu kitupu, akaniangalia mimi na begi langu la shule, akasema tu, "Nendeni salama."

Mjomba akabadilisha nguo ndani ya gari, nyuma ya bustani ya mitende kabla ya kuingia Nizwa. Mimi nimesimama nje nimetandaza ushungi dirishani, najifanya naukung'uta vumbi. Akatoka mrefu, mweusi, ana glavu. Kusema kweli alipendeza. Sikumwambia.

Kitu kimoja tulikisahau, na mpaka leo sijui kilitupita vipi. Miguuni alikuwa na ndala zake za ngozi, zile pana wanazovaa wanaume na kanzu.

Mapokezi, mwanamke wa kaunta alichukua kadi, akaangalia picha, akaangalia nikabu. Nilihesabu pumzi zangu. Mkono wake ukaanza kuonyesha: funua kidogo. Mjomba akainua pembe ya nikabu kidogo, akashusha. Yule mwanamke akaandika. Nilipotoa pumzi, nadhani Nizwa nzima ilisikia.

Chumba cha kungojea kilikuwa na wanawake wa Bahla watatu walioleta kahawa yao kwenye chupa, msichana mjamzito, wengineo, na pembeni bibi mmoja mnene mwenye tasbihi. Tukakaa. Dakika kumi. Ishirini. Miguu yake nimeificha kwa begi langu.

Ndipo muuguzi akatoka na faili na kulisoma jina. Si jina moja. Kwetu jina linasomwa lote: lake, la baba, la babu, na kabila. Alilisoma kama anayetangaza mshindi, kisha akasema, "Wewe ni wa tatu, subiri," akaondoka. Hakujua alichokiacha nyuma.

Yule bibi mwenye tasbihi aligeuka pole pole. Kisha akasema kwa Kiswahili, kile cha Unguja ya zamani:

"Ati! Weye si mtoto wa mwenzangu wa Ibra? Uliyekwenda kusoma?" Akamtaja bibi yangu kwa jina lake na la mama yake. "Nimesoma nae chuoni Malindi, kule Unguja! Umerudi lini, mwanangu? Mbona hatukuambiwa?"

Mjomba hakutikisika. Tulikimbia Ibra kuwakwepa watu, kumbe kumbukumbu za Unguja zimehamia Nizwa.

"Shikamoo bibi," nikasema haraka.

"Marhaba. Sikukuuliza weye. Nauliza yeye. Mwanangu, hunisemeshi? Nimekukosea nini?"

Macho yote yakatugeukia. Ulimi wangu, ambao siku zote hutangulia akili, ukatangulia tena.

"Bibi, umsamehe. Yumo edani. Tangu mumewe afariki hasemi neno."

Kama ningalisema ana mafua, tungalipona. Ugonjwa wa koo haumuamshi mtu kitini. Lakini msiba! Yule bibi alipiga kelele ndogo, akawageuzia wenzake Kiarabu, na wanawake kumi na moja wakainuka. Wakatoka kwenye viti mmoja mmoja, wakapanga mstari, kila mmoja akamshika mkono mjomba na kumwombea malipo mema kwa Mungu. Mwanamke wa Bahla akalia kwelikweli. Mwingine akauliza kama marehemu kaacha watoto, nikasema hapana, halafu nikaogopa, nikasema hatuna uhakika.

Bibi mwenye tasbihi alikuwa wa mwisho. Hakutosheka na mkono. Alimvuta mjomba akamkumbatia kwa nguvu zote, kifua kwa kifua, upande wa kushoto.

Mjomba akanguruma.

Haikuwa sauti kubwa, ila ilikuwa nzito, imetoka chini kabisa. Wale wa mbali waliidhani kilio. Yule bibi aliyemshika hakuidhani. Niliona mikono yake ikilegea. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama kule juu penye macho, kisha akashusha uso taratibu mpaka chini, na begi langu lilikuwa limesogea. Akaziangalia zile ndala. Akaziangalia kwa muda mrefu mno.

Kisha akatoa simu mkobani.

"Ngoja nimpe pole mama yake," akasema.

Nilitaka kukimbia. Mjomba alinishika kiganja akanibana mpaka vidole vikafa ganzi. Aliyekuwa mbele yetu ndiyo kwanza ameingia kwa daktari. Tukitoka sasa, kokwa inarudi nayo Ibra, na nilijua hatakubali kuvaa tena.

Simu ikalia kwa sauti ya wazi, kama wanavyopiga watu wazima wote.

"Mwenzangu! Ndo nini kufichana? Mkweo kafa huniambii?"

Nikasikia redio ya bibi jikoni Ibra.

"Nani kakwambia?" bibi akauliza.

"Niko na mwanao hapa Nizwa, hospitali. Na mjukuu wako. Anasema mwanao yumo edani."

Bibi alijua niko darasani. Bibi hakujua lolote, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Angesema "mkwe gani?" basi yote yamekwisha pale pale.

"Ndiyo," bibi akasema. "Kafiwa. Na mwenye eda hasumbuliwi, unajua wewe. Nipe huyo mjukuu."

Nikaipokea simu, nikazima ile sauti ya wazi.

"Abee bibi."

"Ndevu kazinyoa kwa hilo?"

"Ndiyo."

"Wiki ya tatu hii halalii ubavu. Mnadhani nimevunjika nyonga mpaka macho? Upande gani?"

"Wa kushoto."

Nikasikia akivuta pumzi. "Kama dada yangu." Kisha sauti yake ikawa kali. "Asitoke humo hajapimwa. Hata wakimvua nguo barabarani, asitoke. Na wewe punguza kuua watu."

Nilimrudishia yule bibi simu yake. Aliipokea, akakaa, akarudia tasbihi. Muuguzi alipoita jina mara ya pili tulipita mbele yake, na sikuthubutu kumwangalia.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mwembamba, miwani imeteremka puani. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mdomo: kilianza lini, kinauma, ukoo una historia? Nikajibu vizuri. Kisha: "Anatumia dawa gani?"

"Hatumii," nikasema.

Mjomba akavua glavu. Akavua nikabu. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Daktari, natumia. Nadunga homoni za kiume, mwaka wa nane sasa. Na matiti nilishakatwa. Ukipima bila kujua hilo utapima uongo."

Daktari akatazama kile kidevu chenye mikwaruzo ya wembe. Akaitazama kadi mezani. Akainuka, akaenda mlangoni, na mimi nikaona yote: anamwita mlinzi, mlinzi anapiga simu, bibi anaambiwa tumekamatwa.

Akafunga kwa ufunguo.

"Mngeniambia kwenye simu," akasema.

"Tungekwambia nini?" mjomba akauliza.

Daktari akafikiri, akakubali kwa kichwa kwamba kweli hakuna namna ya kulisema hilo kwenye simu. Kisha akamlaza kitandani, nami nikageukia ukutani, nikasoma bango la kunyonyesha mara sita.

Akawa anasema huku mkono ukifanya kazi. Kwamba waliokatwa hatari yao inapungua, lakini haifutiki, kwa sababu nyama iliyoachwa bado ni nyama. Kwamba homoni anayodunga, mwili hugeuza sehemu yake ikawa ya kike, na hakuna anayejua kwa hakika inafanya nini baada ya miaka ishirini, kwa sababu watu kama yeye hawajafuatiliwa vya kutosha. "Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya." Akamuuliza kizazi kama bado anacho. Anacho. Kama kimepimwa. Hakijapimwa kamwe. Kama damu imeangaliwa isiwe nzito, na mafuta, na presha. Mjomba alijibu hapana, hapana, hapana, kila hapana ndogo kuliko ile ya kwanza.

"Wewe unadhani ulichokisahau na chenyewe kimekusahau," daktari akasema. "Hakijakusahau."

Kisha sindano ndefu, ya kuchukua kipande. Mjomba hakutoa sauti. Mimi ndiye niliyekaa chini.

Tulipotoka, yule bibi alikuwa bado pale. Akanipa ishara nimsogelee. Nikasogea kama kuku anayeitwa na mwenye kisu.

"Siku nyingine," akaninong'oneza, "mtafutie na viatu."

Njia nzima mpaka Ibra sikujua kama lile lilikuwa onyo au msaada. Mjomba alivua baibui kabla hata hatujatoka Nizwa, kwenye taa nyekundu, bila kujali nani anamwona. "Mwisho," akasema. "Wallahi mwisho. Hata kama ni saratani."

Jibu lilikuwa baada ya siku kumi. Siku ya tisa nikapiga simu mimi tena, kwa sauti yangu na jina lake, nikidhani nitamletea habari kitandani kama chai. Muuguzi akaniambia nisubiri. Nikasikia karatasi. Aliporudi, sauti ilikuwa laini mno.

"Dada, daktari anataka uje kesho. Usije peke yako. Njoo na mtu wa nyumbani."

Nilisimama na simu mkononi. Ilikuwa habari ya mwili wa mtu mwingine, na mimi, kwa ujanja wangu, ndiye niliyeisikia kwanza. Nikaenda barazani walikokuwa wamekaa wote wawili. Nikafungua mdomo. Mara ya kwanza maishani mwangu hakikutoka kitu, na kwa hilo wakajua.

"Siendi," mjomba akasema. "Nimeapa."

"Nani kakwambia uvae?" bibi akasema. Alikuwa anajisukuma kutoka kitini, mkono kwenye mkongojo. "Vaa kanzu yako, ya pasi. Chukua ufunguo. Mie ndiye mgonjwa, wewe mwanangu unanipeleka. Hujapata kuona mwanamume akimpeleka mama yake hospitali?"

Tukatazamana. Wanaume chungu nzima huwaleta mama zao pale, huwashika mkono mpaka mlangoni, na kama mama hatembei vizuri, huingia nao ndani. Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba mimi, bingwa wa hila, sikuliona.

Kesho yake mjomba alisukuma kiti cha magurudumu mpaka mlango ule wenye maandishi, kanzu nyeupe, kofia, kidevu kimeanza kutoa kivuli. Wanawake walivuta ushungi kidogo, wakamsogezea njia, wakamwombea kheri kwa kumlea mama yake. Muuguzi akatoka na faili, akasoma jina lote: la kike, la baba, la babu, na kabila. Jina ambalo bibi alilichagua mwenyewe miaka thelathini na mbili iliyopita, na ambalo mjomba hajaliitikia tangu alipoliacha.

"Naam," bibi akasema. "Mimi."

Kitu chenyewe kilikuwa saratani. Kidogo, daktari akasema, hakijatembea, kimekamatwa mapema ingawa si mapema kama angekuja ule mwezi wa kwanza. Kitakatwa, halafu dawa, halafu kuangaliwa kila baada ya miezi. Sindano za homoni zitasimama kwanza, mpaka waone. Hilo la mwisho mjomba alilipokea vibaya kuliko jina la maradhi. Akainamisha kichwa, na bibi akamwekea kiganja kisogoni, juu ya kofia.

Kisha bibi akamgeukia daktari. "Na hivyo vingine ulivyosema havijapimwa. Kizazi, sijui damu. Mpime leo leo. Nimeshafika, nimeshaketi, na huyu mjukuu wangu hana shule ya maana."

Yule bibi wa tasbihi hupiga simu kila Ijumaa. Haulizi jambo jingine. "Mwenye eda hajambo?" anasema, na bibi humjibu kadiri ya wiki ilivyokuwa: leo kala, leo katapika, leo kalala vizuri. Miezi minne na siku kumi ya eda ilishapita zamani, na hakuna kati yao aliyehesabu.